Mwanamke, Damu na Kumbukumbu: Kutoka Makaburi ya Kaole hadi Hukumu ya Mwaka 2017

Kusini ya mji wa Bagamoyo, pwani ya Tanzania, yako magofu ya Kaole: misikiti miwili na makaburi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo chanzo chake hurudishwa hadi karne ya 13. Mojawapo ya makaburi hayo huitwa kaburi la Sharifa, mwanamke anayekumbukwa kwa uchaji wake, na hadi leo watu hufika hapo kuomba dua. Maisha yake hayakuandikwa na karani wa mahakama wala mwandishi wa gazeti. Vinywa vya watu vilimhifadhi, navyo vilichagua kumhifadhi kwa wema.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza kumbukumbu ya namna nyingine, yaani ile ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa kumwaga damu. Ni nani huitunza, na sisi watumishi wa Kanisa huipokea kutoka mkono upi? Mfano wetu mkuu unahusiana na jina lile lile la Kaole, kwa maana kundi la maigizo la Dar es Salaam lililojulikana kwa watazamaji wa televisheni mwanzoni mwa miaka ya 2000 liliitwa Kaole. Katika kundi hilo walipita Steven Kanumba, aliyekuja kuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote nchini, na Elizabeth Michael, aitwaye Lulu, aliyeanza kuigiza angali mtoto mdogo.

Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na umri wa miaka 28. Uchunguzi wa kitabibu ulitaja mtikisiko wa ubongo. Maelfu walifurika Jumanne iliyofuata, siku ya maziko yake katika makaburi ya Kinondoni. Katika juma hilo hilo Lulu alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu kwa shtaka la mauaji ya kukusudia. Hati ya mashtaka ilisema ana miaka 18. Upande wake ulisema ana miaka 17. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja haikuwa jambo dogo, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtambua mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, wala hukumu ya kifo haitolewi kwa aliyetenda kosa kabla ya umri huo. Mabishano juu ya umri yalichukua miezi kadhaa. Magazeti ya udaku, kwa upande wake, hayakungoja. Picha zake, mavazi yake na uhusiano wake na marehemu vilikuwa vimekwisha kutandazwa mezani kwa wauza magazeti kabla shahidi hata mmoja hajaapishwa.

Sasa tuifuate njia ya mahakama. Mwezi Januari 2013 shtaka lilikuwa limebadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, naye akapata dhamana. Kesi ilisikilizwa na Mahakama Kuu mwezi Oktoba 2017. Katika utetezi wake alieleza kwamba usiku ule yeye ndiye aliyekuwa akipigwa. Tarehe 13 Novemba 2017 Jaji Sam Rumanyika alimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka miwili, katika kosa ambalo sheria inaruhusu hata kifungo cha maisha. Mwezi Mei 2018, baada ya msamaha wa rais kumpunguzia adhabu, alitolewa gerezani kumalizia kifungo chake nje.

Basi kati ya kichwa cha habari cha kwanza na hukumu ilipita miaka mitano na zaidi ya nusu. Tujiulize: ni kumbukumbu ipi iliyobaki katika vinywa vya waumini wetu? Mara nyingi ni ile ya juma la kwanza. Wala hatuwezi kuwalaumu waumini peke yao. Kwa miongo mingi hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mkulima wa Bagamoyo aliyetaka kujua mahakama ilisema nini hakuwa na mlango mwingine ila gazeti. Gazeti nalo huvutwa na lisilo la kawaida, na mwanamke aliyeua si jambo la kawaida, kwa kuwa wanawake ni sehemu ndogo sana ya wafungwa. Mwanamume akiua, gazeti huuliza alifanya nini. Mwanamke akiua, huuliza ni mwanamke wa namna gani.

Sheria yenyewe, pamoja na ukali wake, imejua kuuliza swali la tatu: alikuwa katika hali gani? Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu humtenga na muuaji wa kukusudia mama aliyemwua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imevurugika kwa sababu ya uzazi. Aidha, kifungu cha 197 hakiruhusu mwanamke mwenye mimba ahukumiwe kifo. Mambo hayo hayaingii kwa urahisi katika kichwa cha habari.

Maandiko nayo yanatufundisha uangalifu. Habari za Yaeli mkewe Heberi zimeandikwa mara mbili. Katika Waamuzi sura ya 4 Sisera amelala usingizi wa uchovu kigingi kinapopigwa. Katika wimbo wa sura ya 5 anaonekana akiinama na kuanguka miguuni pa mwanamke. Tendo ni moja na kumbukumbu ni mbili, na Israeli haikuifuta mojawapo. Yeye asomaye wimbo peke yake atapata shangwe, lakini hatamwona mgeni aliyefunikwa blanketi.

Hatusemi haya ili damu ihesabiwe kuwa nyepesi. Kanumba alikuwa na mama, na mama huyo alimzika mwana. Mchungaji anayemtembelea mfungwa akisahau nyumba ya marehemu amefanya nusu ya kazi. Lakini Amri ya Nane, kama Luther anavyoieleza katika Katekisimo Ndogo, haitukatazi uongo tu, bali inatuagiza kumtetea jirani na kuyaelekeza mambo yake kwa wema kadiri iwezekanavyo. Leo hukumu nyingi hupatikana bila malipo kupitia TanzLII, na mwanafunzi wa theolojia anaweza kuzisoma kabla ya kwenda gerezani au kupanda mimbarani.

Tunapendekeza basi jambo moja: asitajwe mwanamke yeyote katika mahubiri kuwa mfano wa uovu mpaka mhubiri awe amesoma jambo aliloshtakiwa, alilojibu, na lililoamuliwa. Watu wa Kaole walimtunza Sharifa bila karatasi. Sisi tulio na karatasi tutatoa hesabu ya jinsi tulivyozisoma.