Ua Jeupe la Elizabeth Siddal

Alfajiri ya tarehe 11 Februari 1862, Elizabeth Siddal alifariki London kwa kunywa lodanamu kupita kiasi. Lodanamu ni kasumba iliyoyeyushwa katika kileo. Zama hizo iliuzwa madukani bila cheti cha daktari, ikanywewa na wakubwa na wadogo kwa maumivu, kikohozi na kukosa usingizi. Mwaka uliotangulia Elizabeth alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Baraza lililochunguza kifo chake lilikata shauri kuwa kilikuwa ajali. Minong'ono ya kwamba alijiua haikukoma.

Mumewe, Dante Gabriel Rossetti, alikuwa mchoraji na mshairi. Alizika mswada wa mashairi yake pamoja na mkewe. Mwaka 1869 kaburi likafukuliwa ili mswada utolewe. Kumbukumbu yake iliyodumu zaidi ni picha iitwayo Beata Beatrix, aliyoichora takriban kati ya 1864 na 1870, ambayo imo katika hazina ya Tate, London. Humo Elizabeth amepewa nafasi ya Beatrice, kipenzi cha Dante, mshairi wa Italia. Macho yamefumbwa, uso umeinuliwa, na ndege mwekundu anamletea ua jeupe la mkasumba.

Ua hilo ndilo kiini cha picha. Jambo ambalo wafiwa wengi huona haya kulitamka, mchoraji alilileta mpaka mikononi mwa marehemu. Hata hivyo, mauti yenyewe aliyapamba yakafanana na njozi takatifu, na pambo nalo hufunika. Mtazamaji hamwoni mama aliyefiwa, wala mkono ulioiendea chupa.

Elizabeth naye alikuwa mchoraji. Katika miaka ya 1853 na 1854 alijichora mwenyewe. Katika picha hiyo ndogo macho yako wazi, kope ni nzito, na uso haukuremba chochote. Picha ya mume yaeleza jinsi alivyopendwa. Picha ya mke yaeleza jinsi alivyojiona.

Leo, huko Marekani, wazazi huchora au huchorewa sura za watoto wao waliouawa na dawa za jamii ya kasumba. Kazi yao ni ngumu kama ya Rossetti: kumrudishia marehemu heshima pasipo kumnyang'anya uso wake. Apendaye kukumbuka kwa haki hana budi kumwachia marehemu macho yake wazi.