Namna vihisi vya matetemeko makali vinavyopangwa

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilielekea Goma. Wakazi wa Gisenyi walipata msukosuko wao siku zilizofuata, magma ilipojipenyeza chini ya miji hiyo miwili hadi chini ya Ziwa Kivu na matetemeko yakafuatana. Lile la tarehe 25 Mei, lenye ukubwa wa takriban 5, liliharibu majengo wilayani Rubavu.

Kwingineko tetemeko la ukubwa huo huenda lisiangushe hata ukuta. Hapa chanzo kilikuwa karibu mno na uso wa ardhi. Ndiyo maana mhandisi hatosheki na tarakimu ya ukubwa. Anataka kujua jinsi ardhi ilivyotikisika pale pale jengo liliposimama.

Vipimatetemeko vya kawaida, kama vile vya mtandao wa KivuSNet kandokando ya Ziwa Kivu, hunasa mitetemo hafifu mno. Lakini tetemeko kali likipiga karibu, mchoro wake hufikia kikomo cha chombo na kukatwa vilele. Hapo huhitajika akselerometa, chombo kisichojali minong'ono ya ardhi lakini kinachohimili kishindo.

Swali gumu ni umbali kati ya chombo na chombo. Baada ya tetemeko la Kobe la mwaka 1995, Japani ilitawanya vituo vipatavyo 1,000 nchi nzima, kimoja kila kilomita 20 hivi. Kwa mpango huo, Gisenyi nzima ingeweza kuangukia katikati ya vituo viwili. Mfano unaoifaa zaidi ni wa Lotung, Taiwan, mwaka 1980: akselerometa 37, moja katikati na nyingine katika duara tatu zenye nusukipenyo cha mita 200, kilomita 1 na kilomita 2. Mpangilio huo ulionyesha jinsi mtikisiko unavyobadilika katika masafa mafupi.

Udongo nao una neno lake. Mchanga laini wa ufukweni hukuza mtikisiko kuliko mwamba wa lava, hivyo kila upande hustahili kihisi chake. Chombo hufungwa imara kwenye zege, mbali na miti inayoyumba, kikiwa na saa inayoongozwa na setilaiti pamoja na betri, kwa kuwa umeme hukatika wakati ule ule unapohitajika. Katika jengo refu, kimoja huwekwa chini na kingine juu ya paa.

Na kwa kuwa Goma na Gisenyi zimeungana, safu ya vihisi inayoishia mpakani itarekodi nusu tu ya tukio.