Mgomo wa Mombasa 1947: Siku 12 ambazo mji ulisimama, nani alilinda utulivu?

Jumatatu, Januari 13, 1947, makuli wa bandari ya Kilindini hawakwenda kazini. Wafanyakazi wa reli nao wakagoma, wakafuata wa hoteli, ofisi za serikali, mpaka maboi na wapishi wa nyumba za Wazungu. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi. Mombasa ikasimama.

Kwa nini waligoma?

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini maisha yalikuwa magumu. Bei ya chakula na nguo ilipanda, vyumba vya kupanga vilikuwa haba, na mshahara ulikuwa hautoshi kitu. Makuli walishagoma mwaka 1939, ila safari hii mji mzima uliungana.

Serikali ilifanya nini?

Serikali ya kikoloni ilitangaza kuwa mgomo ni haramu, ikaongeza polisi na askari jeshi mjini. Bandari ililindwa kwa bunduki. Tatizo likawa moja: bunduki inaweza kulinda gati, haiwezi kupakua meli.

Utulivu wa wagomaji

Kila siku maelfu walikusanyika kwenye uwanja ulioitwa Kiembeni. Hapo walipeana habari, wakaamua mambo yao, na chama chao kikazaliwa, kile kilichokuja kujulikana kama African Workers' Federation. Hakukuwa na vurugu kubwa za kuwapa askari sababu ya kufyatua risasi.

Lakini si kila aliyegoma aligoma kwa hiari. Waliokamatwa wakienda kazini kimyakimya walionekana wasaliti, na wengine walinyolewa nywele ili waaibike mbele ya watu. Kwa hiyo mji ulikuwa na walinzi wa aina mbili: wa serikali, na wa wagomaji wenyewe.

Mgomo uliishaje?

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, aliwasihi wafanyakazi warudi kazini, huku serikali ikiahidi kuunda baraza la kuchunguza mishahara. Januari 25 mgomo ukaisha. Baraza hilo, chini ya Jaji Thacker, likaleta nyongeza kwa wafanyakazi wengi.

Baada ya hapo

Utulivu ule haukuwakinga viongozi. Agosti 1947, Chege Kibachia, aliyekiongoza chama, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Kabarnet, Baringo, akakaa huko takriban miaka 10. Septemba, polisi waliwapiga risasi wagomaji wa kiwanda cha nyama cha Uplands, karibu na Nairobi. Watu 3 walikufa.

Mwezi huohuo makuli wa Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo wao ukasambaa bara kufuata reli.

Mombasa, serikali ilimaliza mgomo kwa mazungumzo. Chama ilikivunja nguvu baadaye, watu waliposharudi kazini, kwa kumwondoa kiongozi wao.