Ghunna: Mvumo wa Puani na Amana ya Herufi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Wengi wetu tulifundishwa chuoni kuivuta nuni na mimu yenye shadda kwa kadiri ya haraka mbili, tukaambiwa: hiyo ndiyo ghunna. Ni wachache tulioelezwa elimu hiyo ilikotoka.

Katika karne ya 2 Hijria, mjini Basra, Al-Khalil bin Ahmad (aliyefariki karibu na mwaka 170 H) alizipanga herufi kwa mahali zinapotokea kinywani. Alitamka alifu, akaifuatisha herufi yenye sukuni, ili aonje sauti inakomea wapi. Akaanzia kooni, ndiyo maana kamusi yake ikaitwa Kitab al-Ayn. Mwanafunzi wake, Sibawayhi, akahesabu makharij 16. Kuhusu nuni na mimu alitoa dalili nyepesi: shika pua yako, kisha zitamke, utaona zimeharibika. Hakuwa na chombo ila sikio na vidole vyake. Zaidi ya karne 6 baadaye, Ibn al-Jazari (751–833 H) alihesabu makharij 17, na ya mwisho ni khayshumu, upenyo wa ndani ya pua, ambamo ghunna huvuma.

Wanavyuoni hawa hawakutaabika kwa ajili ya utamu wa sauti tu. Walichunga maana. Kuacha ghunna ni kosa lililofichika, halibadili maana. Lakini qafu ikiwa kafu, moyo (qalb) hugeuka mbwa (kalb). Na katika Fatiha, mwenye kusoma "an'amtu" badala ya "an'amta" amejinasibishia yeye neema ya Mola wake. Katika madhehebu ya Shafi, kisomo kama hicho hakisihi, na anayeweza kujifunza hana udhuru.

Leo katika baadhi ya misikiti yetu kipaza sauti hutiwa mwangwi mwingi. Sauti inajaa, lakini mvumo wa neno moja unafunika mwanzo wa neno linalofuata. Maamuma anasikia uzuri, hasikii herufi; na imamu mwenyewe hajui kosa lake.

Tunawausia ndugu zetu maimamu: someni mbele ya mwalimu bila ya kipaza sauti, kisha mwangwi upunguzwe. Mashine hukuza sauti. Makhraji haiwezi kuyasahihisha.

Wallahu a'lam.