Nakisi ya Kalori na Sinia la Biriani

Kila mwezi wa Juni mawaziri wa fedha wa Tanzania na Kenya husimama bungeni kusoma bajeti, na neno moja halikosi: nakisi. Serikali inatarajia kutumia zaidi ya itakachokusanya, na tofauti hiyo ndiyo nakisi. Wabunge watabishana juu ya ukubwa wake, watauliza itazibwa kwa mkopo wa ndani au wa nje, lakini hutamsikia hata mmoja akiuliza nakisi ya Jumanne ilikuwa kiasi gani. Nakisi huhesabiwa kwa kipindi, robo mwaka au mwaka wa fedha. Siku moja ya malipo makubwa inaingia daftarini pamoja na siku nyingine zote, hesabu inasonga mbele.

Wanaopunguza mwili kwa kuhesabu kalori wanaishi kwa neno hilohilo, ila wengi hawajaambiwa kuwa ni neno la kihasibu. Mafuta ya mwilini hupungua pale mwili unapotumia nishati nyingi kuliko ile inayoingia kwa chakula. Tofauti hiyo Waingereza huiita deficit, kitenzi cha Kilatini chenye maana ya “imepungua”, ambacho makarani wa zamani walikiandika kwenye orodha za mali mbele ya kitu kilichokosekana. Watafsiri wetu wengi huandika “upungufu wa kalori”. Kisarufi hakuna kosa, lakini mimi nalikwepa. Katika Kiswahili cha hospitali, upungufu ni ugonjwa: upungufu wa damu, upungufu wa maji mwilini, upungufu wa kinga mwilini. Mama akisikia kwamba binti yake ana upungufu wa kalori, atainjika sufuria ya uji wa lishe kabla maelezo hayajaisha, na hatakuwa na kosa.

Nakisi haina mkosi huo. Atakayepinga atasema nakisi pia ni dosari, kasoro. Ni kweli, lakini msikilizaji wa redio leo akisikia nakisi anafikiria hesabu kwanza. Na hesabu yenyewe inakaa sawasawa: mapato ni chakula na vinywaji, matumizi ni mapigo ya moyo, joto la mwili, kutembea, kufua, kupanda ngazi. Matumizi yakizidi mapato, serikali hukopa. Mwili hauna wa kumkopa, kwa hiyo huchota akiba yake, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ndiyo mafuta, yakiwemo yaliyozunguka kiuno. Tofauti ni kwamba waziri anaomba nakisi yake ipungue, mwenye kitambi anaomba yake isitoweke.

Kalori yenyewe tumeipokea bila kuitafsiri, na vizuri. Imetokana na neno la Kilatini la joto. Mfaransa Nicolas Clément aliitumia katika mihadhara yake jijini Paris, miaka 200 hivi iliyopita, kuwa kipimo cha joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mwishoni mwa karne ya 19, Wilbur Atwater, mkemia wa Middletown, Connecticut, nchini Marekani, aliwaweka watu ndani ya chumba maalumu cha kupimia joto, akapima walichokula na nishati waliyoitoa. Kutokana na kazi yake tumebaki na namba zinazotumika hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini ni kalori 4, gramu moja ya mafuta ni kalori 9. (Lebo za vyakula huandika kilokalori. Mitaani tunasema kalori, nami nafuata mtaa.) Mwaka 1918 daktari Lulu Hunt Peters wa Los Angeles akatoa kitabu kilichoitoa hesabu hiyo maabara na kuiingiza jikoni, na tangu hapo watu wamekuwa wakihesabu, wakichoka, wakianza upya.

Wanachoka hasa kwa sababu ya siku moja. Tuchukue mfano wa mtu ambaye mwili wake unatumia kalori 2,000 kwa siku, naye amejipangia kula 1,500. Kila siku anaweka nakisi ya 500, kwa wiki 3,500. Jumamosi kuna harusi. Anakula biriani, sambusa, kipande cha halua, soda mbili, na kufika usiku amekula kalori 3,500, yaani 1,500 juu ya matumizi yake. Ukiitazama Jumamosi peke yake ni balaa. Ukifunga hesabu ya wiki, siku sita zimeweka nakisi ya 3,000, Jumamosi imeondoa 1,500, na bado imebaki nakisi ya 1,500. Mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700 hivi kwa kilo, kanuni inayohusishwa na Max Wishnofsky aliyeiandika mwaka 1958 kwa kipimo cha pauni. Kwa kanuni hiyo mtu wetu bado amepunguza karibu gramu 200 za mafuta. Bila harusi angepunguza gramu 450 hivi. Amepungua taratibu zaidi, basi.

Jumapili asubuhi, hata hivyo, anapanda kwenye mizani na kukuta ameongezeka kilo nzima au zaidi. Hapo ndipo wengi huishiwa imani na hesabu. Lakini ili kuongeza kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja ingebidi ale kalori 7,700 juu ya matumizi yake, na hata shughuli ya Kariakoo haifiki huko kirahisi. Kilichoongezeka zaidi ni maji. Wanga wa wali na sukari ya halua huhifadhiwa kwenye misuli na ini kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Chumvi ya mchuzi nayo hushika maji. Ongeza chakula chenyewe ambacho bado kimo tumboni. Mizani inapima vyote hivyo bila kuvibagua. Mtu akirudi kwenye mlo wake wa kawaida, baada ya siku chache uzito huo wa maji huondoka wenyewe.

Balaa halisi la kalori linakuja Jumapili mchana. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio ambalo bado linatajwa katika saikolojia ya ulaji. Waliwapa baadhi ya washiriki milkisheki, kisha wakawaachia wote aiskrimu wale watakavyo. Wale wasiojibana kwenye chakula walikula aiskrimu kidogo baada ya milkisheki, kama mtu aliyeshiba anavyofanya. Wale waliozoea kujibana walifanya kinyume: waliokunywa milkisheki ndio waliokula aiskrimu nyingi zaidi. Mpaka wao ulikuwa umeshavukwa, sasa wajizuie kwa lipi? Baadaye Herman na mwenzake Janet Polivy wa Chuo Kikuu cha Toronto waliipa tabia hiyo jina la mzaha la Kiingereza, na hapa kazi ya mtafsiri ni nyepesi kuliko kawaida, kwa kuwa mitaa yetu imeisema siku nyingi: liwalo na liwe. Tuna hata methali ya kuihalalisha, ile ya maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtu wetu akisema liwalo na liwe, akala 3,500 nyingine Jumapili, nakisi ya siku tano, yaani 2,500, inakutana na ziada ya 3,000. Wiki nzima ya kujinyima imeishia kwenye ziada ya 500.

Ndiyo maana naipinga vikali ile istilahi inayosambaa kwenye mitandao, “siku ya kudanganya”, iliyonyofolewa nzima kutoka Kiingereza cha Marekani. Anadanganywa nani? Kalori za harusi zimeingia mwilini, ziandikwe zisiandikwe. Ukiiita siku hiyo udanganyifu, umeshamfanya mlaji kuwa mkosaji, na mkosaji aliyekata tamaa ndiye yule wa aiskrimu. Wengine husema “siku ya kujiachia”, na hiyo angalau ina tabasamu. Mimi ningebaki na neno ambalo pwani inalitumia kila wikiendi: shughuli. “Jumamosi nina shughuli” halina hatia ndani yake; lina tarehe, lina mwaliko, na mara nyingi lina kitenge cha sare. Kitu chenye tarehe kinaweza kuingizwa kwenye bajeti mapema.

Kuna neno jingine letu ambalo limekaa karibu mno na jambo hili, nalo ni kuvunja jungu. Siku za mwisho za Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu wa mwambao hukusanyika, hupika, hula na kujifurahisha. Ni mila njema na sina ugomvi nayo. Lakini neno hilo linaeleza kwa usahihi ajabu tabia ya mtu anayesema “dayati naanza Jumatatu” na kuila Jumapili yote kana kwamba chakula kinapigwa marufuku kesho yake. Kwa hiyo ningependekeza tuyatenge. Shughuli iwe siku ya ulaji mwingi iliyo ndani ya mpango. Vunja jungu iwe ule ulaji wa kuaga kabla mpango haujaanza, ambao kwa hesabu ni deni la siku ya kwanza.

Kuhusu kulipia shughuli, hesabu inaruhusu njia kadhaa na si zote zina akili. Kupunguza kalori 150 kwa siku, siku tano kabla ya harusi, kunaweka kando 750, na mtu hata hasikii. Kushinda na njaa siku nzima ya harusi ili “kutengeneza nafasi” kunamfikisha ukumbini akiwa tayari kufakamia chochote kitakachotangulia. Kujiadhibu kwa kufunga siku mbili baada yake ni kubaya zaidi, na kukizoeleka, kula kupita kiasi kisha kujitesa, jambo hilo si la bajeti tena, ni la daktari. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua na mwenye kisukari anayetumia insulini wasijipangie nakisi bila ushauri wa mtaalamu. Tena kanuni ya Wishnofsky yenyewe hubashiri kupungua kwingi kuliko kunakotokea. Kevin Hall na wenzake kwenye taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha kuwa mwili unapopungua, matumizi yake nayo hushuka, kwa hiyo nakisi ya 500 ya Januari huwa ndogo kufikia Juni hata kama sahani haijabadilika.

Limebaki sinia. Programu nyingi za simu za kuhesabu kalori ziliundwa kwa ajili ya mtu anayekula peke yake, chakula chenye lebo. Hazijui la kufanya na watu wanne waliozunguka sinia moja la biriani. Kwa vyakula vya kawaida tuna pa kushika: majedwali ya viinilishe vya vyakula ya Tanzania yalitoka mwaka 2008, ya Kenya mwaka 2018. Kwa sinia la harusi hakuna jedwali litakalojua mpishi alimimina samli kiasi gani, na samli ndiyo yenye mambo. Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa ni kalori 130 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni karibu 120. Vijiko vitatu vilivyojificha ndani ya wali vinazipita kwa mbali gramu hizo 100 za wali unaouona.

Hapo bungeni wanatukopesha neno jingine: makadirio. Kitabu cha makadirio ya mapato na matumizi hupitishwa kabla shilingi haijaingia, na hakuna anayekiita uongo kwa kuwa namba zake hazikutimia kwa senti. Mlaji naye aandike mstari mmoja, “harusi, makadirio 2,000”, akiegemea upande wa juu, asiache nafasi tupu kwenye Jumamosi, kisha Jumapili aandike chai na viazi vya kuchemsha kama kawaida.