Oili Nzito, Oili Nyepesi: Mnato Ni Nini Hasa?

Chukua lita moja ya oili ya 20W-50 na lita moja ya 5W-30, uzipime kwenye mizani ya dukani. Tofauti yake ni ndogo mno. Na zote mbili zitaelea juu ya maji, kwa sababu lita ya maji ni kilo moja, ilhali lita ya oili ya injini kwa kawaida haifikii hata gramu 900. Hata hivyo, muuza spea wa Gerezani, Kariakoo, atakuambia bila kusita kwamba ya kwanza ni nzito na ya pili ni nyepesi. Fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, atasema vilevile. Wala hawajakosea: hicho ni Kiswahili. Tunasema uji mzito, na hatuna maana ya kilo. Tuna maana kwamba ukiinamisha kikombe hauji haraka.

Vitabu vya fizikia vya Kiswahili vina neno lao kwa sifa hiyo hiyo: mnato. Ni ule ukinzani uliomo ndani ya kimiminika chenyewe pale tabaka moja linapoteleza juu ya jingine. Ukinzani ukiwa mkubwa, kimiminika hutiririka polepole. Ukiwa mdogo, hukimbia. Neno limetokana na kitenzi kunata, na kusema kweli waliolichagua walifuata njia ile ile waliyopita Wazungu, kwa maana neno lao la kisayansi linatokana na jina la Kilatini la mmea ambao matunda yake yalikuwa yakitengenezewa ulimbo wa kunasia ndege. Ukilichunguza sana, neno lina kasoro yake: mtu akisikia mnato huwaza gundi inayoganda vidoleni, na wapo wanaoipima oili kwa kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada wakidhani wanapima ubora. Wanachokigusa ni oili katika joto la mkono tu, ambalo injini ikishapata moto haina habari nalo.

Tatizo basi haliko katika kuchagua kati ya nzito na mnato. Mimi gereji husema nzito kama kila mtu. Tatizo ni kwamba neno nzito halisemi nzito katika joto gani, na mnato bila joto lake ni nusu ya habari.

Kipimo chake cha kawaida ni sentistoki, jina lililotoka kwa mwanafizikia George Gabriel Stokes. Maji ya nyuzi 20 yana takriban sentistoki 1. Oili ya 5W-30, ikiwa nyuzi 40, huwa na kama sentistoki 60. Ikifika nyuzi 100 hushuka hadi 10 au 11. Yaani ni kopo moja, oili ile ile, lakini mnato umepungua karibu mara sita. Ile ya 20W-50 katika nyuzi 40 huwa 150 au zaidi, na katika nyuzi 100 hubaki kama 18. Kwa hiyo oili zote hulegea zikipata moto. Ile imani ya kijiweni kwamba 5W-30 huanza ikiwa 5 halafu ikipata joto ikawa nzito hadi 30 haina ukweli hata kidogo.

Namba hizo mbili ni za jamii ya wahandisi wa magari ya Marekani, SAE, iliyotoa mgawanyo wake wa kwanza wa oili kwa mnato mwaka 1911. Namba ya nyuma ndiyo rahisi kuelewa: inaeleza mnato wa oili iliyopata moto wa nyuzi 100. Oili ya gredi 30 ni lazima iwe kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40, kati ya 12.5 na 16.3, ya 50, kuanzia 16.3 hadi karibu 21.9. Namba ya mbele, yenye W, inahusu baridi. Herufi hiyo inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, haihusiani na uzito kama wengi wanavyodhani, na namba yenyewe si nyuzi joto. Oili ya 5W hujaribiwa kama injini inaweza kuizungusha katika nyuzi 30 chini ya sifuri; ya 20W hujaribiwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri. Inayofaulu kwenye baridi kali zaidi ndiyo yenye namba ndogo.

Kinachoziwezesha oili hizi kuwa na namba mbili ni molekuli ndefu zinazochanganywa humo: kwenye baridi hujikunja, kwenye joto hujinyoosha na kupunguza kasi ya kulegea. Uwezo huo wa kutobadilika sana una kipimo chake, ambacho ningekiita faharisi ya mnato. Watafiti Dean na Davis walikianzisha mwaka 1929 kwa kuipa oili ya Pennsylvania, iliyokuwa bora kuliko zote wakati huo, alama 100, na ile ya pwani ya Ghuba ya Meksiko alama 0. Oili nyingi za leo zimeshapita hiyo 100, jambo ambalo kipimo hakikutarajia.

Sasa nenda dukani.

“Habari za saa hizi, kaka. Nina IST, nipe oili.”

“Salama, bosi. Hapa Dar joto, chukua hii 20W-50. Ndiyo yenye nguvu.”

Hoja ya joto inaonekana ina akili, lakini haifiki mbali. Injini ina thamostati, na kazi yake ni kuyaweka maji ya kupoozea karibu na nyuzi 80 hadi 90 na ushei, uwe Tanga mwezi wa pili au Njombe mwezi wa saba. Feni na rejeta zikiwa nzima, oili ya gari lililopata moto haijui sana kama nje ni nyuzi 32 au 12. Joto la mji linahesabika zaidi asubuhi, gari likiwa limelala, na hapo hata Dar es Salaam hatuko karibu na nyuzi 100. Tuko kwenye 25 hivi, na 20W-50 katika nyuzi 25 ina mnato unaozidi sana ule ambao pampu inaupenda. Kuna muda mfupi baada ya kuwasha ambapo oili bado inapanda kwenda kwenye kemshafti, na muda huo ndio vyuma hukwaruzana zaidi ya wakati mwingine wowote. Nairobi, kwa urefu wake wa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Julai, muda huo ni mrefu zaidi.

Halafu kuna suala la presha. Oili nzito hupandisha presha, na watu hulifurahia hilo. Lakini pampu ina vali inayoachia presha ikizidi, na oili iliyoachiwa hurudi kwenye sampu bila kufanya kazi yoyote. Presha inayosomeka juu inaweza kumaanisha tu kwamba oili inapita kwa shida.

Kwa magari yanayojaza barabara zetu, Vitz, IST, Probox, Allion ya lita moja na nusu, injini yake mara nyingi ni 1NZ-FE ya Toyota. Ina mfumo wa VVT-i, ambao huisogeza kemshafti kwa kutumia oili ile ile ya injini, ikipita kwenye vali ndogo inayoendeshwa na umeme. Hapo oili si kilainishi tu. Ni mkono unaosukuma. Ikiwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, mkono huo huchelewa. Injini hizi zilitolewa kiwandani zikiwa na maelekezo ya 5W-30, na za miaka ya baadaye 0W-20. Gari likija kutoka Japani na kitabu chake cha Kijapani ambacho nyumbani hakuna anayekisoma, kifungue hivyo hivyo utafute ukurasa wa oili: herufi hutazijua, lakini 0W-20 imeandikwa kama inavyoandikwa kokote. Pengine imechapwa hata juu ya kifuniko cha kumiminia oili.

Siwapondi mafundi wa zamani. 20W-50 ilikuwa jibu sahihi kwa injini walizojifunzia, zenye nafasi pana kati ya beringi na chuma na zilizotumia oili za wakati ule. Hata leo, injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, inaweza kuvumilia kwa kupandishwa gredi moja, kutoka 30 kwenda 40. Hapo unanunua muda, na hakuna ubaya mradi unajua unachonunua. Kuirukia 50 kwenye injini nzima kwa sababu ya jua la Dar ndiko nisikokuelewa.

Pamoja na mnato, kopo lina herufi nyingine, za taasisi ya petroli ya Marekani, API: S kwa injini za petroli, C kwa dizeli, ikifuatiwa na herufi inayosogea mbele kadiri miaka inavyokwenda. SN ilitoka 2010, SP 2020. Bei ya kutupa mara nyingi huambatana na SF, kiwango cha injini za 1988 kurudi nyuma. Hapa Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu kidogo, maana nimeona neno daraja likitumika kwa mambo yote mawili. Napendekeza gredi ibaki kwa mnato na kiwango kitumike kwa herufi za API, kwa kuwa oili mbili za gredi moja, 5W-30 zote, zinaweza kutofautiana kiwango kwa miaka ishirini. Neno sintetiki nalo linaeleza oili imetengenezwa kutokana na nini, halielezi ni nzito au nyepesi.

Filta sitaisemea sana kwa upande wa istilahi. Kamusi zina kichujio, gereji ina filta, na wote wanaelewana. Kilicho muhimu ni vali mbili zilizomo ndani yake, ambazo hazionekani na ndiyo maana filta feki huuzika. Ya kwanza ni kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Kikiwa cha mpira mbovu hukakamaa, filta hukauka usiku, na asubuhi utasikia injini ikigonga kwa sekunde moja mbili huku taa ya oili ikichelewa kuzima. Ya pili hufunguka pale oili inaposhindwa kupenya karatasi, ili injini isikose oili kabisa. Tafsiri yake ya moja kwa moja ingekuwa vali ya mchepuko, kama ilivyo barabara ya mchepuko. Jaribu kulitamka neno hilo mbele ya mafundi watano uone kama kazi itaendelea. Vali ya dharura inatosha.

Vali hiyo ndiyo inayoirudisha filta kwenye habari ya mnato. Oili nzito na baridi haipenyi karatasi kwa urahisi, presha ya upande mmoja hupanda, vali hufunguka, na kwa dakika hizo oili huzunguka bila kuchujwa. Filta iliyojaa uchafu hufanya vivyo hivyo mchana kutwa. Mwenye gari la foleni, linalosimama Ubungo au Mwenge injini ikinguruma, asihesabu kilomita peke yake kujua lini abadilishe oili na filta. Odometa haisogei, lakini oili inatumika. Kubadilisha oili na kuacha filta ya zamani ni kuichanganya oili mpya na masalia yaliyobaki ndani yake.

Wakati wa kununua filta, angalia uzi wa tundu la katikati. Toyota nyingi hutumia uzi wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, na Honda nyingi hutumia wa milimita 20. Kwa macho vinafanana, na filta isiyo yake inaweza kushika mizunguko miwili mitatu kabla ya kugoma au kuharibu uzi. Hakikisha mpira wa filta iliyotolewa umetoka nayo. Ukibaki kwenye injini na mpya ikafungwa juu yake, oili itamwagika barabarani. Pakaza oili kidogo kwenye mpira mpya, funga kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza kama robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Na hiyo 1NZ-FE, ikibadilishwa pamoja na filta, huchukua kama lita 3.7, wakati kopo ni la lita 4. Fundi mwenye haraka humimina lote. Oili ikizidi sana, krankishafti huipiga hadi itoe povu, na pampu hubaki inavuta hewa. Mimina lita 3 na nusu, washa dakika moja, zima, subiri ishuke, soma kijiti, kisha ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu. Kitakachobaki kifunike vizuri ukiweke kwenye buti, kitakufaa cha kuongezea kabla ya sevisi ijayo.