Kabila langu? Shuka Kengeleni

Juzi nilikuwa najaza fomu fulani, mambo poa, mpaka nikafika penye "Kabila". Nikakwama. Jamaa wa kaunta akaniambia, "Andika tu, kwani wewe huna kwenu?" Nikaandika la kwanza lililonijia kichwani. Nilitoka pale nikijiona mwongo.

Sikieni basi. Mimi ni mtu wa Frere Town. Ile kengele mnayoipita mkishuka matatu Kengeleni si pambo. Ilikuwa ikipigwa kuonya watu kwamba wateka watumwa wanakuja.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mjumbe wa Uingereza aliyemfuata kwa jambo hilo alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Sawa, manowari zinakamata majahazi, watu wanakombolewa. Halafu waende wapi? Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka mitano atajuaje njia ya kwao? Ndipo mwaka 1875 wamisheni wa CMS, wakiongozwa na William Salter Price, wakaanzisha kijiji hapa Kisauni, wakakipa jina la Frere.

Humo waliingia Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Pia walikuwemo Waafrika waliotoka India! Hao walikombolewa wakiwa wadogo, wakapelekwa Bombay, wakalelewa Nashik na kufunzwa ufundi kama useremala na uhunzi. Watu wakaoana. Watoto wakakulia Kiswahili.

Msifikiri waliishia kuhurumiwa tu. James Mbotela aliyeandika *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934 ni wa ukoo huu. Wa ukoo huohuo alikuwa Leonard Mambo Mbotela, yule wa *Je, Huu ni Ungwana?* redioni. Sauti iliyoifunza Kenya nzima adabu ilitoka kwa watu wasio na kisanduku kwenye fomu.

Najua mtasema, "Kabila ni maneno tu." Si kweli. Hapa Kenya kabila ni shamba, ni mahali pa kuzikwa, ni nani atakutetea. Desemba wenzangu wanapanda basi kwenda ushago. Ushago wangu mimi naufikia kwa miguu.

Lakini angalieni Wamalagasi wa Madagaska. Damu yao ni ya Waafrika wa bara na ya watu wa Asia waliovuka bahari, na lugha yao ina ndugu kule Borneo. Hakuna sehemu moja iliyofutwa ili nyingine ibaki. Mchanganyiko wenyewe ndio ukawa wao.

Marehemu nyanya yangu akiulizwa kabila alikuwa akijibu, "Mimi mtu wa misheni," kisha anaendelea kukuna nazi. Nilidhani anakwepa swali. Kumbe alikuwa analijibu.

Fomu ikija tena, nitaandika Frere Town. Wakiikataa, nitawaeleza kwa nini, tangu 1875. Na wewe, kabla ya kujaza yako, umewauliza wazee wako?